Gari Lililokuwa Linaniaga

"Usiniguse! Ni wewe!"

Mama mkwe wangu alikuwa sakafuni kando ya kitanda chake. Ametapika, macho yamemlegea, kidole... kinanielekea mimi!

"Mimi nimefanya nini, mama?"

"Ukiwa hupo, mimi mzima. Ukirudi tu, kichwa kinanipasuka. Unanipa nini, mwanangu?"

Wifi yangu akapiga yowe mlangoni. Mume wangu akaniangalia. Jamani, miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kuangaliwa vile!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi nashona sare za shule. Cherehani tatu ziko sebuleni. Asubuhi nazungukia shule kupeleka mzigo, saa saba narudi, napakua chakula, nashona na wifi mpaka saa kumi, natoka tena. Gari letu la zamani linakunywa mafuta balaa. Ndipo nikalipenda gari la haibridi, lile la bei ya juu, linalotumia petroli na umeme.

Mume wangu aliposikia bei, alikaa chini.

"Mama watoto, kwa pesa hiyo si tunalijaza la zamani mafuta miaka saba?"

"Hesabu za mdomoni hizo. Tulipime."

Muuzaji akatupa wiki mbili za majaribio. Sharti lake: mkwaruzo mmoja tu, gari ni lenu! Basi likawa linalala gereji, anasa ambayo la zamani halijawahi kuionja. Mchana naliingiza mimi, usiku analiingiza na kulizima mume wangu. Gereji yetu imepakana na chumba cha mama. Juu ya ukuta unaozitenganisha kuna matundu ya hewa.

Nyie, gari lile lilikuwa kimya kama halipo! Na lina adabu. Ukishuka linakuaga: pi, pi, pi! Nami nalijibu, "Haya, baadaye."

Maringo nayo lilikuwa nayo. Saa kumi nikitaka kutoka, mpaka nibonyeze kitufe mara mbili ndipo liwake. Nikasema ndiyo mambo ya magari ya kisasa.

Shida ikawa daftari langu la mafuta. Siku ya tisa napiga hesabu, linakunywa karibu sawa na la zamani! Naliacha saa saba, nalikuta saa kumi mshale umeshuka. Nikamkabili wifi.

"Kuna mtu ananyonya mafuta humu ndani."

"Unanisema mimi?"

"Nimetaja jina la mtu?"

Akanuna siku mbili.

Siku hizohizo mama akaanza kuumwa kichwa mchana. Nikamchemshia uji, nikambembeleza alale, nikamfungia dirisha na mlango asisumbuliwe na kelele za cherehani. Nikajiona mkwe mwema kweli!

Sasa turudi pale sakafuni.

Mume wangu alimbeba mama mbiombio hadi kwenye gari la zamani, lililokuwa nje. Wifi akaifunga sahani ya mama kwenye mfuko.

"Hii inakwenda kupimwa. Na wewe usitoke hapa!"

Wakaondoka.

Niliogopa, wenzangu. Nikawaza polisi, nikawaza wanangu wakirudi shule wanakuta mama yao amechukuliwa. Nikaanza kujishuku mwenyewe. Je, kama kweli niliweka kitu bila kujua? Nikachota mabaki kwenye sufuria, nikala, nikakaa nangoja kufa...

Simu ikaita. Mume wangu.

"Daktari anasema si chakula. Mama amevuta moshi. Anauliza, analala na jiko la mkaa?"

"Jiko gani? Si tunapikia gesi!"

"Basi moshi unatoka wapi?"

Nikainuka. Nilikuwa nimesikia mngurumo... gereji!

Nyumbani niko peke yangu. Ufunguo wa gari uko kwenye mkoba wangu. Sasa nani amewasha gari?!

Siku zote saa hizo cherehani zinaunguruma. Leo zilikuwa kimya, ndiyo maana nilisikia. Nikashika mkasi wa kukatia vitambaa, simu mkono wa pili, nikaenda. Nikasukuma mlango.

Joto. Harufu ya moshi. Mtu hakuna!

Gari lilikuwa linanguruma lenyewe, taa ya kijani inawaka mbele ya usukani. Nikafungua geti lote, nikabana pumzi, nikabonyeza kitufe. Mara moja tu.

Likazima.

Kumbe kila siku bonyezo la kwanza lilikuwa la kuzima! Kila mchana nililiacha linawaka nikidhani limelala, kwa sababu lilikuwa kimya. Betri ikipungua, injini inajiwasha yenyewe kuijaza, na moshi unapenya kwenye yale matundu hadi chumbani kwa mama. Na zile pi, pi, pi... halikuwa linaniaga. Lilikuwa linaniita nirudi.

"Upo?" mume wangu akauliza.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua?

"Mwambie daktari ni moshi wa gari. Na wifi asihangaike na ile sahani." Nikauweka mkasi chini. "Ni mimi."

Mama alikaa siku tatu kwenye oksijeni. Nilipoingia wodini, wifi akanipisha kiti bila kuniangalia. Hata mimi sikuweza kumwangalia. Nikapiga magoti.

"Mama, nisamehe."

"Nilisema ni wewe," akanong'ona.

Nikalia. Mkono wake ukanitafuta kichwani.

"Na wewe ndiye uliyesema kweli. Inuka."

Muuzaji alipokuja kulichukua gari aliniuliza, "Vipi, hesabu imekataa?"

Haikukataa. Ukitoa yale mafuta ya mchana, gari lile linaokoa kweli, na kwa mizunguko yangu bei yake ingerudi. Ila nilimpa ufunguo wake.

Wenzangu, pigeni hesabu za mafuta, ni vizuri. Lakini kwanza jifunzeni kulizima hilo gari. Na kitu kikikulilia, usikijibu "baadaye" kabla hujajua kinalilia nini.

Daftari bado ninalo. Zilipotea lita kumi. Nilimtafuta mwizi wake nyumba nzima, kumbe zote zilikuwa zinaishia kifuani mwa mama.