Kikombe cha Vijiko

Saa saba mchana, Jumapili ya mwisho kabla ya Sikukuu ya Shukrani, Hester Sprague, aliyetunza vyombo vya madhabahu, alifungua kabati la sakristia akakuta kikombe hakipo. Hakupiga ukelele. Alishuka ngazi mpaka ukumbi wa chini, ambako sisi tulikuwa tunamalizia bata mzinga na pai za maboga, akasimama mlangoni na taulo la vyombo begani. Akatuambia kwa sauti ya kawaida kwamba kikombe cha vijiko kimeibwa na mtu yeyote asitoke.

Nusu ya watu walikuwa wameshatoka. Merrow Falls, mji wetu, ndiyo hiyo, tukishiba tunakumbuka kuni hazijapasuliwa.

Nikifumba macho bado naisikia harufu ya ukumbi ule, makoti ya sufu yenye umande, tufaha zilizookwa, jiko la mafuta ya taa ambalo Kasisi Lathrop alikataa kulitupa. Na kikombe nakiona. Zamani za mababu zetu, homa ya koo ilipita mjini ikazoa watoto, na kila nyumba ambayo mtoto wake alipona ilitoa kijiko kimoja cha fedha kwa shukrani. Vijiko vikayeyushwa, kikatoka kikombe cha Ushirika Mtakatifu. Fundi alizoea kutengeneza kengele za ng'ombe, ndiyo maana ukingo ulikuwa umepinda upande mmoja. Kilitoka kabatini msimu wa majani kuanguka tu, na mtoto wa kwetu alipokinywea mara ya kwanza, mama yake alimwonyesha kwa kidole mahali palipo kijiko cha ukoo wao. Uongo mtupu, kwani fedha ikiyeyuka imeyeyuka. Lakini kila mmoja wetu alipajua pake.

Askari Pelkey alifika na daftari lake, na kabla hajaketi jina la Orrin Tatro lilikuwa limeshatajwa mara tatu. Orrin alikuwa mtunza kanisa wetu. Alifagia, aliwasha tanuru, alipiga kengele, na alilala katika chumba cha juu ya banda la kuni. Zamani alivunja nyumba za watu wa mjini wanaokuja kwetu kiangazi tu, akaiba vyombo vya fedha, akaviuza, pesa zote akazinywea pombe. Alikuwa na miaka sita hajagusa pombe, na bado alikuwa kwenye kifungo cha nje. Shtaka moja tu lingemrudisha gerezani. Na Jumapili hiyo alionekana akitoka sakristia baada ya ibada.

"Nilikwenda kuzima mishumaa," alisema.

"Na wewe fedha ulishawahi kuizoea," Pelkey akamjibu.

Jioni wazee wa kanisa walikutana. Winslow Farnham, mzee mkuu, alikuwa amesharudi kutoka kumwona mkewe Adelia, ambaye alikuwa katika nyumba ya kulelea wazee, akili imemtoka, hamjui mtu. Wakamuuliza Winslow anaonaje. Akasema polisi wanaijua kazi yao. Winslow alikuwa mtu wa maneno machache na tulimheshimu, basi hilo likawa neno la mwisho.

Isipokuwa kwa Verna Colcord. Verna alikuwa askari wa wanyamapori mstaafu, mwanamke mrefu mwenye magoti mabovu, aliyetumia maisha yake akiwafuata majangili kwenye theluji. Orrin alikuwa akimpasulia kuni na kukataa malipo. Verna alimvuta Pelkey pembeni akamwomba muda.

"Mpaka Alhamisi, ibada ya Shukrani ikiisha, Bi Verna," Pelkey alisema. "Baada ya hapo namrudisha ndani, na usininunie."

Verna alipanda sakristia pamoja na Hester. Kufuli la kabati lilikuwa zima. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari wake nyuma ya joho la kasisi, mahali ambapo parokia nzima ilipajua. Mle ndani vinara viwili vya fedha, kila kimoja kizito kuliko kikombe, vilikuwa vimesimama kama vilivyo.

"Kikombe kilikuwa kitupu?" Verna aliuliza.

Hester alieleza kwamba hapana. Kwa kawaida kasisi humaliza mwenyewe divai iliyobaki, lakini siku hiyo mafua yalikuwa yamembana, akaacha kidogo ndani yake, akakirudisha kikombe kabatini ili Hester aimwage baadaye. Divai iliyowekwa wakfu haimwagwi kwenye sinki la kuoshea vyombo. Ukutani kulikuwa na beseni dogo la jiwe ambalo bomba lake huingia moja kwa moja ardhini, chini ya msingi wa kanisa. Humo ndimo inamomwagwa, ikafuatwa na maji.

Verna aliinama, magoti yakalia. Beseni lilikuwa limelowa, na karibu na tundu palibaki wekundu hafifu. Kando yake kulikuwa na kitambaa cha kufutia kikombe, kimekunjwa mara tatu huku na mara tatu huku, msalaba uliodariziwa ukiwa juu katikati.

"Hiki umekikunja wewe?"

"Nilidhani hivyo," Hester alisema, akakigusa kwa kidole. "Sikukikunja. Sikufika hata kwenye beseni, niliona kikombe hakipo nikashuka."

Walipokuwa wanafunga jikoni, Hester aliona sahani moja kando ya jiko, imefunikwa kwa sahani nyingine. Akamsukumia Verna, akamwambia mwenyewe kaisahau, aende nayo, maana nyumbani kwake hakupikwi kitu cha kueleweka. Verna hakubisha.

Jumatatu alianza na Gordon Thayer, muuza vitu vya kale, ambaye kila vuli alikuwa akikisifia kikombe kile mpaka tukamchoka. Mtu mwenye tamaa, hilo hatukufichana. Thayer alimcheka.

"Bi Verna, nikiiba kanisani kwenu nitaacha vile vinara? Kikombe chenu kimepinda kama kofia ya mlevi. Bila hadithi yake hakina thamani, na mwizi hawezi kuiuza hadithi."

Alikuwa na mashahidi pia, kwani tangu ibada iishe mpaka Hester aliposhuka alikuwa mezani akiwachosha watu wanne kwa habari za saa za ukutani. Verna akamfuta kwenye orodha yake.

Siku iliyofuata alimkuta Orrin bandani, shoka mkononi, akipasua kuni kwa hasira. Alimuuliza swali moja, kwamba angekuta divai ndani ya kikombe kile angeifanya nini.

Orrin alilishusha shoka. "Ningeimwaga kwenye sinki haraka kabla sijaisikia harufu yake. Au ningeinywa, nianze kufa upya. Hakuna njia ya tatu."

"Lile beseni la jiwe ukutani?"

"Lile pambo? Halina hata bomba la maji. Naweka mishumaa iliyokatika ukingoni." Kisha akasema bila kumtazama, "Nimeshafunga mzigo wangu, Verna. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza. Wewe tu."

Verna alitoka pale moyo umemuuma. Hata hivyo njia sasa ilionekana. Mwizi wa fedha angebeba vinara. Mlevi angekunywa. Mgeni angemwaga popote. Huyu alikuwa amesimama katikati ya wizi wake akafanya heshima zote, kwa sababu mikono yake haikujua namna nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa mtu wa madhabahu, mmoja wa wanaovitunza vyombo vya Ushirika, au mtu aliyeishi na mtu wa madhabahu, na hao walihesabika kwa vidole.

Jioni akaenda kwa Hester. Alikwenda kwa shingo upande, kwa kuwa walikuwa marafiki tangu shule, na kwa kuwa Hester alikuwa na sababu. Vuli iliyotangulia, kaka yake Hester akiwa kitandani anakufa, Hester aliomba kikombe kipelekwe nyumbani akinywee mara ya mwisho. Winslow alikataa. Kulikuwa na kanuni, aliyoiandika yeye mwenyewe baada ya kikombe kubonyezwa kwenye harusi moja, kwamba kikombe kisivuke mlango wa kanisa.

"Umekuja kuniuliza kama ni mimi," Hester alisema, akimimina chai.

"Nimekuja kukuuliza."

"Kaka yangu alipokea Ushirika kwa kikombe cha plastiki cha kupigia mswaki. Ningeiba siku ile, Verna. Leo nikiibe cha nini?"

Verna aliamini, akaona haya. Ili kubadili mazungumzo akamshukuru kwa ile sahani, akamtania kwamba amemfanya mtoto, maana nyama yote ilikuwa imekatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, na pai imetolewa ukoko.

Hester aliweka birika chini. "Mimi sijakata nyama ya mtu. Hiyo ni sahani ya Adelia. Winslow humkatia mwenyewe kila Jumapili, hawezi kutafuna." Akafikiri kidogo. "Lakini Winslow alipita mbele yangu na kapu lake mkononi, limefunikwa kitambaa. Nilimfungulia mlango."

"Basi kapuni mlikuwa na nini?" Verna aliuliza. Chai ikapoa.

Jumatano mchana Verna alifika kwenye nyumba ya wazee. Nje mialoni ilikuwa bado imeng'ang'ania majani yake makavu. Adelia alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, shali mabegani, na katika mikono yake miwili kulikuwa na kikombe cha vijiko. Alikuwa akikisugua kwa ncha ya shali, taratibu, kutoka ndani kwenda nje, jinsi alivyokisugua kila vuli kwa miaka arobaini alipokuwa mtu wa madhabahu. Winslow alikuwa ameketi pembeni, na alipomwona Verna hakuinuka.

"Jumapili ulimletea kapu bila sahani," Verna alisema.

"Alikuwa ameacha kunywa," Winslow alijibu. "Maji, maziwa, chochote. Anafunga mdomo. Daktari aliniambia nijiandae. Nikawaza, labda kikombe kile atakijua."

"Ungemwomba kasisi."

"Kwa kinywa gani? Nilimnyima Hester, kaka yake anakufa. Nilimsomea kanuni, Verna, nikiwa nimesimama kwenye kizingiti chake." Alijifuta uso. "Nilitaka nikirudishe jioni ile ile. Nilipojaribu kukichukua alilia. Miezi minane hajatoa sauti, akalia, akasema, 'Bado sijamaliza kukisafisha.' Nikakiacha."

"Na jioni ukaketi ukasikia wanavyomsema Orrin."

Winslow alimtazama mkewe.

"Nilijiambia hawatakuta kitu, watamwachia. Kila asubuhi nilijiambia nitasema leo. Niliogopa. Basi, hakuna kingine. Niliogopa mtanionaje."

Verna alimwonea huruma, na alikasirika vilevile, na hakulificha hata moja. Akamwambia kwamba kuchukua kikombe, yeye Verna angeweza kumsamehe, lakini Orrin, mtu mzima, amefunga mzigo wake bandani kwa ajili ya woga wa Winslow, na hilo si la kuungama kwa Verna Colcord.

"Kesho ibadani," alisema. "Kabla ya Ushirika kuna kupeana mikono ya Amani. Unajua la kufanya."

Alhamisi kanisa lilijaa. Kulikuwa na maboga kwenye ngazi za madhabahu, mashada ya mahindi makavu, tufaha nyekundu kwenye madirisha, na Pelkey nyuma kabisa, kofia magotini. Mezani palikuwa na kikombe cha kawaida cha kioo. Orrin aliketi kiti cha mwisho karibu na kamba ya kengele, na hakuna aliyeketi karibu naye.

Kasisi akainua mikono. "Amani ya Bwana iwe nanyi daima."

"Na iwe nawe pia," tukajibu, tukageukiana kupeana mikono, kama desturi.

Winslow alitoka kwenye kiti chake cha mbele akiwa amebeba kapu. Alitembea katikati ya kanisa mpaka nyuma, na mikono ya watu ikabaki hewani. Alisimama mbele ya Orrin, akafunua kitambaa, na sote tukakiona.

"Ni mimi," alisema, kwa sauti iliyofika madhabahuni. "Nilikipeleka kwa Adelia. Nikakuacha ubebe jina la mwizi kwa kuwa lako lilikuwa limeshachafuka na langu bado. Hester, na wewe nilikunyima nilichojipa mwenyewe." Akanyoosha mkono.

Orrin aliutazama ule mkono. Hakuupokea. Nilimwona Verna amekishika kiti cha mbele yake kwa nguvu.

"Alikunywa?" Orrin aliuliza.

"Maji. Kikombe kizima."

Orrin akaitikia kwa kichwa polepole. Alisema, "Kukusamehe sijakusamehe, Winslow. Usidhani. Nitajaribu, lakini si leo." Kisha akaushika mkono. "Ila amani ya Bwana si mali yangu hata nikunyime. Iwe nawe."

Pelkey aliinuka, akavaa kofia, akatoka nje kimyakimya. Hester hakwenda kumpa Winslow mkono siku ile, na hakuna aliyemlaumu.

Lakini baada ya chakula nilimkuta Hester jikoni akikata bata mzinga vipande vidogo, kisu kikigonga ubao kwa hasira, machozi yakimtoka. Alitoa ukoko wa pai, akaiweka sahani kapuni. Kando yake akaweka kikombe, kilichooshwa na kufutwa. Kanuni ilikuwa imefutwa mle mle ukumbini, mikono yote juu, wa Winslow wa kwanza. Hester akamwita Orrin, akamwambia alipeleke yeye kwa Adelia, maana hamwamini mwingine.

Orrin alilichukua kapu. Mlangoni Verna alimzuia kwa fimbo yake.

"Sahani imo?"

Orrin alifunua kitambaa, akachungulia. "Imo," alisema, akaenda zake juu ya majani yaliyoanguka.