Sauti Ndani ya Gego

Siku moja baada ya daktari kutoboa gego lake, Dismas Odhiambo alionja tope la mtoni kwenye chai. Akaimwaga, akamimina nyingine. Tope bado lilikuwapo.

"Maziwa yameharibika?" mkewe Benta aliuliza.

"Hapana. Ni mdomo wangu."

Hakuchunguza zaidi, alikuwa amechoka. Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, na tangu Hali ya Hatari ianze, watu wengi walikuwa wamekamatwa pale Thika. Kwenye kiwanda cha ngozi Dismas alifanya kazi ya watu wawili, kisha gego likamnyima hata usingizi uliobaki. Alitaka ling'olewe, lakini Daktari Fernandes, Mgoa mwenye chumba nyuma ya maduka ya Wahindi, alimwambia linaweza kuokolewa.

"Nitakudunga sindano ya ganzi," alimweleza taratibu. "Nitatoboa jino, nitoe mshipa uliooza, nisafishe mizizi kwa visindano vyembamba, nitie dawa na kuziba kwa muda. Litauma kidogo ukitafuna, usiogope. Kisha utarudi nilisafishe tena, nilizibe kabisa. Usiporudi, uozo utaingia upya."

Adhuhuri moja Dismas alikuwa amejilaza, Benta akichagua maharagwe, jino likaanza kuimba. Ilikuwa sauti nyembamba ya msichana. Benta aliweka sinia chini. Wimbo ule aliuimba binti yao Ajwang kila alipokwenda kuteka maji, mpaka Mto Chania ulipomchukua.

"Fungua mdomo," Benta alinong'ona.

Tangu hapo, kila Dismas alipotoka kazini, Benta aliweka sikio kwenye shavu lake. Dismas alikaa shingo imepinda, akisinzia. Hakuwa amemwona mkewe akitabasamu tangu mazishi. Siku ya kurudi kwa daktari ilipofika, Benta alimshika mkono.

"Usiende."

"Shavu limevimba, Min Ajwang," Dismas alisema, akimwita mama wa Ajwang kwa Kijaluo.

"Vumilia kidogo. Mimi nilimbeba miezi tisa."

Hakwenda. Jirani yao Ndila, Mkamba aliyewahi kuishi Mombasa, alimvuta Dismas kando ya bomba la maji.

"Yule si mtoto wenu," alisema kwa sauti ya chini. "Jini hukopa sauti ya mtu unayemlilia. Kwanza huimba. Baadaye huomba."

"Huomba nini?"

Ndila alichukua ndoo yake akaondoka.

Jumapili, walipotoka kanisani, wimbo ulikoma. "Mama," jino likasema, "maji ni baridi. Njoo unifunike."

Benta alichukua blanketi akatoka, na Dismas akamfuata kupita nyumba za wafanyakazi, kupita mkonge, akiuma meno ili sauti isitoke, na kadiri alivyouma ndivyo ilivyozidi kuita kutoka katika kinywa chake mwenyewe, mama, mama, huku harufu ya tope ikimjaa puani na damu ikimteremka kooni, mpaka akamfikia mkewe ndani ya mto, maji yamempanda kiunoni, blanketi limetandazwa mbele yake kama anayemlaza mtoto.

Benta hakupigana naye. Alimwacha tu amtoe.

Asubuhi walikwenda pamoja kwa daktari. Benta aliketi kwenye benchi nje ya mlango. Fernandes alipofungua jino, chumba kikanuka mto. Akasimamisha mkono, akatazama dirishani, kisha akachukua kisindano kingine. Alisafisha mzizi baada ya mzizi. Ganzi ilikuwa imeshika. Dismas hakuhisi chochote, ila alisikia.

"Baba, usiwaache wanizibe."

Mkono wa daktari haukuacha kazi. Machozi yalimtiririka Dismas hadi masikioni. Angeweza kuusukuma mkono ule. Hakuusukuma.

"Litakuwa kimya sasa," Fernandes alisema mwishowe. Hakumtazama usoni.

Nje, Benta alikuwa amesimama.

"Alilia?"

"Hapana."

"Nilimsikia," Benta alisema. "Alikuita wewe."

Akatangulia barabarani, na Dismas, asiye na maumivu kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akamfuata polepole.