Chandarua cha Ghorofa ya Tisa

Sicheki tena na mbu tangu yampate rafiki yangu, fundi cherehani anayeishi ghorofa ya tisa huko ughaibuni. Hushona zamu ya usiku na kulala mchana, mapazia yamefungwa, chumba giza totoro. Mbu walipomnyima usingizi alimpigia mama yake.

"Nunua chandarua, mwanangu, ukichomekee vizuri."

Akanunua, akafunga mlango kwa funguo, akaingia ndani ya chandarua na kuchomeka pindo zote chini ya godoro. Katikati ya usingizi mbu akalia sikioni, kisha akanyamaza. Ikafuata sauti anayoishi nayo kiwandani: uzi ukivutwa taratibu kwenye kitambaa.

Akavuta upindo atoke. Haukutoka. Akapapasa gizani: chandarua kilikuwa kimeshonwa kwenye godoro, kuzunguka kitanda kizima, na mafundo ya uzi yalikuwa upande wa nje.