Sabini, Tetetete!

Haya, shikeni viti vyenu vizuri. Hadithi hii inatetemeka.

Sekela ana miaka sita na pengo la meno mawili. Anaishi Makambako, mji wenye upepo. Huko ukianika shuka bila vibanio, unakwenda kuliokota kwa jirani.

Baba yake Sekela ana pikapu ya bluu. Sekela naye ana pikapu yake. Ni boksi la dawa ya meno, na magurudumu yake ni vizibo vya soda.

Shida ya pikapu ya Sekela ni moja. Ni nyepesi mno. Upepo ukivuma, fuuu! Pikapu inaruka, na Sekela anaikimbiza.

Shida ya pikapu ya Baba ilianza Jumamosi. Lakini Jumamosi hakuna aliyejua.

Siku hiyo Baba na Sekela walikuwa wanaosha gari. Jumamosi inayofuata ilikuwa harusi ya shangazi Wende, kule Iringa. Baba alitaka pikapu ing'ae.

"Mimi naosha juu," Baba alisema. "Wewe osha matairi, mwanangu. Toa kila kilichoganda."

Sekela akasugua. Kwaru, kwaru, kwaru! Akatoa tope. Akatoa majani. Akatoa na jojo iliyotafunwa na mtu asiye na adabu.

Pembeni ya tairi moja la mbele kulikuwa na kitu kigumu cha kijivu. Sekela akakivuta. Kikagoma. Akakigonga kwa jiwe. Ngo! Kikatoka.

Kilikuwa kichuma kidogo, lakini kizito kweli. Sekela akakiweka nyuma ya pikapu yake. Upepo ukavuma, fuuu! Pikapu ikatulia tuli.

"Hili ni gunia langu la viazi," alisema Sekela.

Kisha akaita, "Baba, nimetoa kila kilichoganda!"

"Safi sana!" alisema Baba, bila kugeuka.

Jumapili walitoka wote watatu: Baba, Mama na Sekela. Wakaingia barabara kuu. Mshale wa mwendo ukaanza kupanda.

Hamsini, shwari.

Sitini, shwari.

Sabini... tetetetetete!

Usukani ulitetemeka. Mikono ya Baba ikatetemeka. Sekela alitaka kumwita Baba mara moja tu, ikatoka hivi: "Ba-ba-ba-ba-ba-ba!"

Baba akapunguza mwendo. Sitini, shwari. Akaongeza tena. Sabini, tetetetetete!

"Aaah!" alisema Baba. "Hii pikapu, jamani!"

Mama alikuwa anawaza keki.

Mama anaoka keki, na keki ya harusi ya shangazi Wende ilikuwa yake. Keki ya ghorofa tatu, yenye krimu nyeupe. Juu kabisa litakaa ua la sukari.

Ua hilo alilitengeneza Sekela mwenyewe. Lilikuwa la rangi ya waridi. Lilikuwa na majani matano, na moja lilikuwa kubwa kuliko wenzake.

Shangazi Wende alikwishaambiwa kwenye simu. "Ua la juu ni langu, Shangazi! Usimpe mtu!"

"Nani apewe?" shangazi alicheka. "Nitalila mwenyewe."

Walipofika nyumbani, Mama alishika kiuno. "Baba Sekela, keki yangu ikitetemeka hivi, itafika Iringa imekuwa uji."

"Basi tutakwenda polepole."

"Polepole! Na jua lile? Krimu itayeyuka njiani."

Wakikimbia, keki inaanguka. Wakienda polepole, krimu inayeyuka.

Sekela akafungua kabati. Akaliangalia ua lake kwenye sahani. Likamwangalia.

Jumatatu, Baba alipeleka pikapu kwa Fundi Kyando.

Mikono ya Fundi Kyando ina grisi siku zote. Kwa hiyo watoto huwasalimia kwa kiwiko, asiwachafue.

"Shikamoo, Fundi," alisema Sekela.

"Marahaba, Sekela." Kiwiko kwa kiwiko. Tak!

Fundi akamgeukia Baba. "Ilianza lini?"

"Jana."

"Na juzi mliifanya nini?"

"Hatukuifanya kitu," alisema Baba. "Tuliiosha tu."

"Mh," alisema Fundi Kyando. "Kuosha hakuharibu gari."

Sekela alikuwa chini, anasukuma pikapu yake. Vruuum, vruuum. Gunia la viazi lilikaa vizuri nyuma.

Fundi akapapasa matairi. "Upepo umezidi," alisema. Akaupunguza. Psssss!

Wakaenda kujaribu. Mama naye akapanda, akapakata bakuli la maji. "Hili ndilo keki," alisema. "Tuone."

Hamsini, shwari.

Sitini, shwari.

Sabini... tetetetetete! Chwaaa!

Maji yote kwenye kitenge cha Mama.

"Aaah!" alisema Baba. "Hii pikapu, jamani!"

"Wewe unasema aaah," alisema Mama. "Aliyelowa ni mimi."

Jumatano wakarudi.

"Basi ni nati," alisema Fundi Kyando. "Zimelegea." Akachukua spana. Kri, kri, kri! Akakaza nati zote, tairi la kwanza mpaka la nne. Jasho likamtoka.

Wakaenda kujaribu. Mama akavaa kitenge kingine. Akapakata bakuli lilelile.

Hamsini, shwari.

Sitini, shwari.

Sabini... tetetetetete! Chwaaa!

Hata viatu vya Mama vikalowa.

"Aaah!" alisema Baba. "Hii pikapu, jamani!"

"Haya, sema tena," alisema Mama. "Labda itasikia."

Ijumaa ikafika. Kesho ni harusi! Keki ilikuwa mezani, ghorofa tatu, nyeupe kama wingu. Baba hakutaka hata kuiangalia.

"Leo nitafanya ujanja," alisema Fundi Kyando. "Matairi ya mbele yaende nyuma. Ya nyuma yaje mbele."

Akapiga jeki. Akatoa matairi, akayahamisha. Alichoka mpaka akakaa chini. Mama alikuja na chupa ya chai. Mikono ya Fundi ilikuwa na grisi, basi Mama akamshikia kikombe, akanywa.

Wakaenda kujaribu. Mama akavaa kitenge cha tatu.

Hamsini, shwari.

Sitini, shwari.

Sabini... Usukani umetulia!

Baba akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu Jumapili. "Mmeona? Mmeona? Pikapu imepo..."

"Ba-ba-ba-ba," alisema Sekela. "Mbo-na ma-ka-li-o ya-ngu ya-na-te-te-me-ka?"

Tetetetetete! Sasa ilikuwa inatetemeka chini ya kiti. Chwaaa!

Mama alifumba macho. Maji yalimdondoka puani. To. To. To.

Baba akasimamisha gari. Akashuka. Alitaka kulipiga tairi teke, akakumbuka amevaa kandambili.

"Aaah!" alipiga kelele. "Hii pikapu, jamani! Nikimpata aliyeniharibia gari, ataniona! Wallahi ataniona!"

Wakarudi kwa Fundi Kyando, mwendo wa sitini.

"Usukani umetulia," Baba alimwambia, "lakini sasa inatetemeka nyuma."

Fundi Kyando akaruka juu. "Vizuri!"

"Vizuri?" walisema Baba na Mama kwa pamoja.

"Vizuri sana! Tairi limekwenda nyuma, na mtetemo umekwenda nyuma. Wamesafiri pamoja. Basi shida iko kwenye tairi!"

Akayafungua yale matairi mawili yaliyohamia nyuma. Akaliangalia la kwanza. Akaliangalia la pili, polepole, akilizungusha. Kisha akasimama.

"Haya, oneni. Kila tairi la gari hili lina kichuma chake kidogo hapa pembeni. Kichuma hicho kinalisawazisha, lizunguke bila kulemea upande mmoja. Hili lina chake. Lile lina chake." Akanyoosha kidole. "Hili halina. Alama yake hii hapa. Kimetoka."

Sekela akaangalia alama.

Akaangalia kichuma cha lile tairi jingine. Kidogo. Kizito. Cha kijivu.

Akaangalia gunia lake la viazi.

Moyo wake ukaanza. Du, du, du.

Akaficha pikapu yake mgongoni. Nikimpata aliyeniharibia gari, Baba alisema, ataniona. Wallahi.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza.

Lakini kitenge cha Mama kilikuwa kinadondosha maji. To. To. To. Fundi Kyando alikuwa amechoka, na bado alikuwa anatafuta kichuma chini, kwa magoti. Na kule nyumbani ua la sukari lilikuwa linasubiri kwenye sahani.

"Baba," alisema Sekela.

"Si sasa, mama," alisema Baba. "Baba yako kachoka."

"Baba. Ni mimi."

Akatoa mkono mgongoni. Akaonyesha pikapu yake, na gunia lake la viazi.

"Ulisema nitoe kila kilichoganda," alisema. "Na hiki kiliganda."

Hata upepo wa Makambako ulisimama kidogo.

Baba alishika kichwa. Akakaa juu ya tairi.

"Siku sita," alisema Baba.

"Vitenge vitatu," alisema Mama.

"Nati ishirini na nne," alisema Fundi Kyando.

Sekela akajikunyata. "Baba," alinong'ona, "sasa ndiyo nitakuona?"

Baba akamwangalia. Akaangalia kile kichuma. Akashusha pumzi ndefu, ndefu, ndefu.

"Nilisema kila kilichoganda," alisema. "Nilisema mwenyewe. Uliponiita, sikugeuka hata kuangalia." Akamvuta Sekela karibu, akampakata. "Ndiyo, utaniona. Utaniona kila Jumamosi, hapa chini kwenye matairi, tunaosha pamoja."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka maji yakamruka kwenye kitenge.

Fundi Kyando akapokea kichuma. Hakukigonga hapo hapo. "Njoo unionyeshe," alimwambia Sekela. "Kilikaa hivi au hivi?"

"Hivi," alisema Sekela.

Ngo! Ngo! Ngo! Kikarudi kwao.

Upepo ukavuma tena, fuuu! Pikapu ya boksi ikaruka. Fundi Kyando akaidaka kwa mikono miwili. Alama za vidole vya grisi zikabaki pande zote.

"Pole," alisema, "nimeichafua." Akatafuta kwenye kopo lake, akatoa nati moja kubwa ya zamani. Akaiweka nyuma. "Gunia jipya. Hili halina kwao."

Pikapu ya Sekela ikatulia tuli.

"Sasa twende tukajaribu," alisema Baba.

"Mara ya mwisho!" alisema Mama, na bakuli lake. "Sina kitenge kingine kikavu."

Hamsini, shwari.

Sitini, shwari.

Sabini...

Baba akabana meno. Mama akabana bakuli. Sekela akabana macho.

Sabini...

Sabini, shwari.

"Baba!" aliita Sekela. Ikatoka mara moja tu.

Jumamosi keki ilisafiri mpaka Iringa. Sekela aligeuka nyuma kila saa kuihesabu. Ghorofa moja, mbili, tatu. Na ua lake juu.

Walipofika, krimu haikuwa imeyeyuka. Ghorofa zote zilikuwa zimesimama wima.

Shangazi Wende alikuja mbio, na gauni lake jeupe ameliinua kwa mikono miwili.

"Liko wapi ua langu?"

"Lile!" alisema Sekela.

Shangazi aliliangalia. Akaona lile jani kubwa kuliko wenzake. "Hilo ndilo nalitaka," alisema. Walipokata keki akalila jani hilo, kisha akampa Sekela manne yaliyobaki.

Jioni wakarudi nyumbani. Jua lilikuwa limeshuka, rangi ya chungwa. Sekela alikaa katikati, na pikapu yake mapajani.

Hamsini, shwari.

Sitini, shwari.

Sabini, shwari.

Mara, chini kabisa, ikasikika sauti ndogo. Krrrr... Krrrr...

Baba akashtuka. Akashika usukani kwa nguvu. "Aaah! Hii pikapu, jamani!"

"Sss," alisema Mama. "Siyo pikapu."

Krrrr... Krrrr...

"Ni Sekela anakoroma."

Mama akamfunika kwa kitenge. Kilikuwa kikavu kabisa.

Haya, achieni viti vyenu. Hadithi imetulia.

Shwari.