Burito za Babu Fermín

Kila Jumamosi asubuhi nyumbani kwetu, El Paso, kazi ilikuwa moja tu: tortila, mikate yetu bapa inayofanana na chapati. Bibi Eulalia alikanda unga wa ngano kwa mafuta na maji ya moto, mimi nikasukuma, naye akachoma kwenye kikaango bapa cha chuma. Tangu nina miaka minane nilikuwa nasubiri neno moja kutoka kwake. Kwetu, tortila ya msichana ikivimba vizuri jikoni, wakubwa humwambia, "Sasa unaweza kuolewa." Ni utani, hakuna anayeolewa. Lakini binamu zangu wakubwa wote walikwishaambiwa, na mimi, miaka kumi na miwili, bado. Tortila zangu zilitoka na pembe. Kaka yangu Lalo alikuwa akiinyanyua moja na kuuliza, "Nereida, hiki ni chakula au kiatu?"

Kisha, mwezi wa Januari, akaja Yadira.

Yadira ni mtoto wa baba mdogo, tumelingana umri. Baba yake alipata kazi ya ujenzi huku kwetu, wakaja wawili kutoka Parral, ng'ambo ya mpaka. Mama yake na wadogo zake walibaki kule mpaka nyumba ipatikane. Jumamosi yake ya kwanza, Yadira alisukuma tortila tatu mimi nikihangaika na moja. Ya kwanza ikavimba kama puto. Bibi akacheka kwa furaha, akasema, "Haya, huyu sasa anaweza kuolewa."

Moyo uliniuma, sisemi uongo. Mimi miaka minne, yeye asubuhi moja! Tangu siku hiyo kila kitu chake kilinikera: kicheko chake, nywele zake alizosuka mwenyewe bila kioo, na jinsi alivyomwita bibi yangu "Bibi". Najua alikuwa bibi yake pia. Lakini mwenye wivu haelewi somo.

Mwezi wa Machi Babu Fermín alipasuliwa tumbo. Alilala hospitali karibu wiki tatu, akilishwa supu isiyo na chumvi. Daktari aliposema atatoka Ijumaa na anaweza kula chochote kilicho laini, Babu alipiga simu saa hiyohiyo.

"Nataka burito," akasema. "Tortila laini, ndani nyama ya nguruwe na pilipili nyekundu. Na nyama ilainike mpaka ivunjike kwa kijiko."

Nilisimama mbele ya Bibi nikisubiri kutumwa. Mimi ndiye mjukuu niliyekulia mikononi mwa Babu. Bibi hakunitazama hata.

"Yadira atapika," akasema. "Mkono wake umekomaa. Nereida, wewe utakuna jibini."

Kukuna jibini ni kazi ya mtoto wa chekechea. Nilikwenda chumbani nikalia kwa hasira.

Ijumaa asubuhi na mapema Yadira alisaga pilipili kavu alizokuwa amezichemsha, akatia kitunguu saumu na bizari, akaimwagia nyama ya bega ndani ya Kobe. Kobe ni sufuria yetu ya umeme inayopika polepole kutwa nzima. Tulimpa jina hilo kwa sababu hana haraka. Kitufe chake kina alama tatu: moto mdogo, moto mkubwa, na ya tatu ni ya kuhifadhi joto la chakula kilichokwisha kuiva. Yadira aliweka moto mdogo.

"Mtu asiinue mfuniko," Bibi akaonya akivaa koti. "Ukichungulia tu, umechelewesha chakula nusu saa." Kisha yeye na Baba wakaenda hospitali kumchukua Babu. Mama alikwishaondoka. Anafanya kazi katika jiko la shule.

Mimi na Yadira tukashika njia ya shule, na tulipofika kwenye kona nikamwambia, "Tangulia, nimesahau daftari la sayansi."

Nyumba ilikuwa tupu. Kobe ndiyo kwanza anaanza kupata moto. Nikasukuma kitufe mpaka alama ya tatu, nikatoka. Nilichowaza ni hiki: nyama itakuwa ngumu kama soli, Babu atatafuna mpaka achoke, na Bibi ataona kwamba mkono wa Yadira si lolote. Zaidi ya hapo sikuwaza.

Saa tisa alasiri nilirudi wa kwanza, maana Yadira alibaki shuleni kwa masomo ya ziada ya Kiingereza. Nikachungulia. Nyama ilikuwa bado ya waridi, imelala kwenye mchuzi wa vuguvugu. Hofu ikanishika, maana hata mtoto angejua kitufe kimeguswa. Nikakipeleka haraka kwenye moto mkubwa. Kufika saa moja jioni Babu alikwisharudi nyumbani, Kobe alikuwa anatokota, na nyumba nzima inanukia. Nyama ilikuwa imelainika vizuri. Nikajiambia yameisha, hakuna aliyeumia.

Nilikuwa nakuna jibini Mama aliporudi.

"Leo tumetupa trei nzima ya kuku," alimwambia Bibi akivua viatu. "Mtu kaiacha ya vuguvugu tangu asubuhi. Msichana mgeni kazini ananiuliza, si tuichemshe tu? Nikamwambia, mwanangu, vijidudu utaviua, lakini sumu vilizokwisha kuacha haziondoki kwa moto. Mtu mzima mwenye afya ataharisha siku mbili. Mgonjwa ndiyo usiseme."

Mkono wangu ulisimama juu ya kikunio. Sebuleni Babu alikuwa anacheka na Lalo. Amekonda mno, shati lake lilimwelea.

Tukaketi mezani. Yadira alitandaza tortila, akatia maharage, nyama na jibini, akaikunja vizuri, burito ya kwanza kabisa, akampa Babu kwa mikono miwili.

"Babu, usile," nikasema.

"Ehee, wivu huo umeanza," Lalo akasema.

"Nyama haijaiva."

Yadira alichukua kipande kwa uma, kikavunjika chenyewe. "Haijaiva wapi?"

"Nereida, huoni aibu?" Bibi akasema. "Mbele ya babu yako, siku kama ya leo? Nyamaza ule."

Babu akainua burito. Nikaona inafika mdomoni. Nikamnyang'anya.

"Ni mimi," nikasema. "Nilipeleka kitufe kwenye kuhifadhi joto. Nyama imekaa vuguvugu tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa. Yadira hana kosa, ni mimi."

Mama alichukua Kobe, akamwaga nyama yote kwenye mfuko wa taka, akaufunga mara mbili, akaanza kusugua meza kwa sabuni. Yadira alibaki amekaa.

"Babu angeumwa," akasema polepole, "wangesema ni mimi. Mimi ndiye niliyepika."

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilikosa pa kuficha uso.

"Unajua kwa nini nasukuma upesi?" akaendelea. "Kule Parral Mama yuko zamu ya usiku kiwandani, na mpishi wa asubuhi nilikuwa mimi. Wadogo zangu ilikuwa lazima wale kabla ya shule. Hakuna aliyenisifu. Waliniambia tu, fanya haraka."

Bibi aliinuka, akakaanga mayai, akapasha maharage. Burito za siku ile zilikuwa za mayai. Hatimaye Babu akafuta mdomo.

"Asubuhi ulitaka kunirudisha hospitali, jioni umenizuia nisirudi," akasema. "Siku yako ilikuwa na kazi nyingi, mjukuu wangu." Lalo peke yake ndiye aliyecheka, Mama akamtazama, akaacha.

"Sikiliza," Babu akasema. "Wivu kila mtu anao. Mimi nilimwonea kaka yangu wivu miaka mingi kwa ajili ya farasi. Wivu ukikujia, upe mdomo. Nenda kwa bibi yako useme, 'Nimeumia, mbona mimi hunipi kazi?' Atakusikia, na asipokusikia, njoo kwangu. Ukiunyima mdomo utatafuta mikono, na mikono ya wivu haiangalii inampiga nani. Ulimlenga Yadira, kidogo unipate mimi. Na ukweli nao useme wote. Uliposema nusu, mimi nilikuwa bado naipeleka ile burito mdomoni."

Bibi aliinamisha kichwa. "Na mimi nilikuwa na macho nisione," akasema.

Nikamgeukia Yadira. "Nilikuonea wivu," nikasema. "Tangu ile Jumamosi ya kwanza. Nisamehe."

Yadira alinigeukia.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Vizuri," Babu akasema. "Naye amesema kwa mdomo." Kisha akasogeza sahani yake mbele, akaomba burito nyingine ya mayai, na akataka tuitengeneze sisi wawili.