Kigoda cha Malinda

Siku ile ilianza vizuri, na hilo ndilo Orlena Tackett hakulisamehe kamwe. Jua lilikuwa limeshaingia bondeni, maharage yalikuwa jikoni yanatokota na kipande cha nyama ya nguruwe, na baba yake, mzee Lonzo, alikuwa amenyoa ndevu bila kusukumwa. Mzee yule, kunyoa siku ya kazi! Ilimpasa Orlena ashtuke pale pale. Hakushtuka. Alidhani anajipamba kwa ajili ya mgeni.

Mgeni mwenyewe, Bwana Whitcomb, alikuja na gari lililojaa mitambo. Serikali ilikuwa imemtuma kwenye milima ya Kentucky anase nyimbo za wazee kabla wazee hawajaisha. Gari lilikwama kijitoni, likavutwa na nyumbu wa jirani, naye akapanda kibarazani viatu vya mjini vimejaa tope.

"Karibu, kijana," Lonzo akamwambia. "Wenzako huja kwa njia. Wewe umekuja na mto."

"Mzee Lonzo, nimeambiwa mto ndio njia."

"Ndiyo yenyewe. Nilitaka tu nione kama utabisha."

Wakacheka, wakala, wakanywa mtindi. Mashine ya kunasia sauti ikawekwa mezani sebuleni, nyaya zikapitishwa dirishani hadi kwenye betri za gari. Lonzo akapiga kwa fidla nyimbo za kuchezea moja baada ya nyingine, na sindano ikazichora kwenye sahani nyeusi za santuri huku Bwana Whitcomb akifagia vumbi lake kwa brashi. Orlena alikaa kwenye kigoda, kushoto kwa baba yake, mabua mawili makavu mkononi, akigonga nyuzi za fidla ile ile. Ndivyo wafanyavyo watu wa kule: mmoja anavuta upinde, mwenzake anagonga nyuzi kwa mabua, na fidla moja inakuwa wimbo na ngoma. Kigoda kile kilikuwa cha mama yake, Malinda, aliyekufa majira ya baridi yaliyopita. Tangu siku hiyo mzee alikuwa anakula kama anayelazimishwa, na Orlena alikuwa anamlinda kama yai. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na baba.

"Nimesikia kuna wimbo wa ukoo wenu," Bwana Whitcomb akasema. "Theluji ya Enos."

Mabua yakatulia mkononi mwa Orlena. "Huo hatuupigi."

"Tunaupiga," Lonzo akasema. "Nusu."

Akauegemeza upinde gotini. "Enos ni babu yangu. Alifiwa na mkewe katikati ya theluji. Ardhi imeganda, koleo halizami, majirani hawawezi kufika. Akakaa na maiti humu humu sebuleni, peke yake, saa ya ukutani ameisimamisha, kioo amekifunika, kama desturi yetu ya msiba. Maiti haachwi bila mtu aliye macho, kwa hiyo usingizi ukimjia anapiga fidla. Basi vidole vikashika wimbo ambao hakufundishwa na yeyote. Na katikati ya wimbo, nyuzi zikaanza kugongwa."

"Na nani?"

"Maisha yake yote, aliyemgongea mabua alikuwa mkewe." Lonzo alisema hivyo akitazama kigoda, si mgeni. "Babu hakugeuza shingo. Tangu hapo wimbo una masharti. Kigoda kisikae wazi, lazima akae mtu aliye hai. Na usifikishwe mwisho. Babu uzeeni aliupiga peke yake, akaumaliza. Walimkuta ameinamia fidla, anatabasamu."

"Baba, inatosha," Orlena akasema.

Waliupiga nusu, Orlena akiwa kigodani. Ulikuwa wimbo mzuri, haki ya Mungu, mzuri wa kuumiza. Lakini Bwana Whitcomb alipourudisha kwenye mashine, mabua yalisikika kama mvua ya mawe juu ya bati, na fidla ikazama chini yake.

"Naomba tena," akasema. "Safari hii fidla tupu. Nimebakiwa na sahani moja."

"Wewe masikio yako umeyaacha garini?" Orlena akamkaripia. "Kigoda hakikai wazi."

"Ni hadithi nzuri, mama, ila..."

"Hadithi ni kwako wewe. Mimi nina baba mmoja tu, sina wa akiba."

Lonzo akakohoa, akajishika koo. "Orlena, mwanangu, nenda kanichotee maji chemchemini. Ya humu ndani yamelala. Ukirudi utakaa kwenye kigoda chako, utagonga polepole, na huyu bwana ataridhika."

"Hutaanza bila mimi?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Hata mara moja. Orlena akatia mabua kwenye mfuko wa aproni, ili mtu asije akapata ujanja, akachukua ndoo na kutoka. Mlangoni aligeuka. Mzee alikuwa anamtazama kwa upole mwingi mno, tena alikuwa amevuta kigoda kikamkaribia zaidi.

Chemchemi ilikuwa chini ya mteremko, nyuma ya miti. Aliinamisha ndoo. Maji yalikuwa yamefika nusu aliposikia fidla.

Ulikuwa wimbo ule.

"Baba!" akaita. Kisha akasikia kitu kingine, moyo ukatulia kidogo. Mabua. Yalikuwa yanagongwa vizuri, mepesi, ya kurukaruka. Akasema moyoni, afadhali, yule bwana amekubali kukaa. Amepata wapi mabua, hata hivyo? Na amejifunza lini?

Akatia mkono kwenye aproni. Mabua yalikuwamo, yote mawili.

Aliitupa ndoo. Alipanda mteremko kwa mikono na miguu. Wimbo ulifika nusu, pale wanapoukatiza siku zote. Haukukatika. Ulivuka. Ukaingia sehemu ambayo Orlena hakuwahi kuisikia, na miguu yake ikataka kuucheza. Hilo lilimtisha kuliko yote.

Akafika mlangoni.

Bwana Whitcomb alikuwa amewapa mgongo, vyombo vya kusikilizia masikioni, brashi mkononi. Baba alikuwa kitini, macho ameyafumba. Alikuwa ameinama kidogo kulia, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupitisha mkono. Kigoda kilikuwa kitupu.

Nyuzi zilikuwa zinatikisika. Kati ya vidole na upinde, pale pa mabua. Zinabonyea. Zinarudi. Zinabonyea.

"Baba!"

Lonzo akafumbua macho. Hakumtazama yeye. Alitazama kushoto, akatabasamu kama bwana harusi. Upinde ukamtoka. Akaenda chini taratibu, fidla kifuani.

Orlena alipiga ukelele uliosikika hadi ng'ambo ya kijito. Bwana Whitcomb hakugeuka. Orlena akamrukia, akamtikisa bega. Yule bwana, bila kuondoa macho kwenye sindano, akaweka kidole mdomoni.

"Shh," akanong'ona. "Bado anapiga."

Walimzika Lonzo kilimani, ubavuni mwa Malinda. Baada ya mazishi Bwana Whitcomb alirudi na mashine yake na ile sahani, uso umemsawajika. Alisema hawezi kuipeleka ofisini, wala hawezi kuivunja. Alikuwa amejaribu.

"Niwekee," Orlena akasema. "Nataka nisikie alivyonidanganya."

Sahani ikazunguka. Fidla. Mabua. Ukelele wake haukuwamo. Kishindo cha mzee kuanguka hakikuwamo. Wimbo ulikwenda hadi mwisho wake, mtamu, ukatua. Kukawa kimya, sindano inakwaruza. Kisha kiti kikalia, kama mtu anayeketi vizuri.

Sauti ya mwanamke ikasema, karibu sana na chombo, "Na Orlena je?"

Ilikuwa ya mama yake. Alikuwa na mafua ndani ya sauti, yale yale yaliyomuua.

Na baba yake akajibu, kwa upole wake ule ule, "Mwache kwanza. Ajaze ndoo."

Bwana Whitcomb aliondoka mchana ule ule na hakusubiri nyumbu. Alisukuma gari kijitoni mwenyewe, analia. Sahani aliiacha mezani.

Orlena alibaki peke yake. Hasira ilimpanda kwanza. Baba alikuwa amechagua, akamtuma maji kama mtoto, akamuaga kwa uongo wa pekee aliowahi kumwambia. Hofu ilifuata, maana ndoo ilikuwa bado chemchemini. Alikwenda kuichukua jua likiwaka. Alipoitupa ililala ubavu, anakumbuka vizuri. Ilikuwa imesimama. Ina maji nusu, kama kabla hajaitupa.

Aliyamwaga yote. Akaenda nayo nyumbani, akaifudikiza kwenye benchi la kibarazani.

Asubuhi ilikuwa imegeuzwa, imesimama wima. Maji yalikuwa yamepita nusu. Akayamwaga, akaipeleka ghalani, akafunga mlango. Asubuhi ilikuwa benchini, na maji yalikuwa yamepanda. Akaitoboa kitako kwa msumari. Asubuhi msumari ulikuwa umelala kando yake, na tobo halikuwapo.

Siku hizi hamwagi tena. Majirani wakipita humkuta kibarazani, kiti ameweka kando ya ndoo, macho kwenye maji. Wanamsalimu, anaitikia vizuri tu, anawauliza hali za watoto. Hajui kwamba mkono wake wa kulia umeshika mabua. Hajui kwamba anagonga goti, mepesi, ya kurukaruka, wimbo ule ambao hakufundishwa sehemu yake ya mwisho.

Jana maji yalikuwa yamebakiza upana wa kidole.