Asali Ibaki Kwenye Dumu

Noah ya dereva Amri ilizima katikati ya kijito kilichofurika, nusu ya njia kutoka Ugalla kwenda Mpanda mjini, na maji yakapanda hadi kwenye viti. Nyanzala na Amri wakambeba Machibya, mgonjwa wa figo, mpaka ng'ambo. Nyanzala alipomfungua mumewe shati, bandeji iliyofunika mpira wa kusafishia damu, ule uliopita kifuani hadi mshipani, ilikuwa imelowa tope.

Hakushtuka. Moyo wake ulikufa ganzi tangu mpira wa kwanza, wa shingoni. Ule aliupaka asali kwa mikono yake, kama kila kidonda kijijini kwao. Homa ikamchemsha Machibya wiki nzima, mpira ukatolewa. Madaktari walisema huu wa kifuani ukiharibika hakuna mshipa mwingine wa kutegemea. Manesi walimfundisha Nyanzala kuusafisha, lakini mumewe hakumruhusu tena amguse.

Didace, mrina asali aliyekwamishwa na maji yale yale, akasogea na dumu lake.

"Paka hii, mama. Inakausha."

"Asali ibaki kwenye dumu. Amri, lete sabuni na ile chupa ya maji."

"Ndiyo ya kunywa hiyo, mama. Hatuna nyingine."

"Lete."

"Mama Monika, usinishike," alisema Machibya. "Mikono yako naijua."

"Hata mimi naijua, baba Monika. Geuzia uso kule, usiupumulie."

Alinawa, akafungua mfuko wa vifaa aliopewa na manesi, akavaa barakoa na glovu, akabandua bandeji taratibu bila kuuvuta mpira. Akabadili glovu. Akapaka dawa kuanzia tunduni kwenda nje. Amri akainama apulize ikauke upesi. Nyanzala akamzuia kwa kiwiko. Walisubiri ikauke yenyewe, kisha akafunga kwa bandeji safi, ya mwisho.

Kiu iliwatesa hadi kesho yake mchana. Walilamba asali ya Didace, kiu ikazidi. Trekta la wakulima wa tumbaku ndilo lililowatoa.

Hospitalini, nesi Pudensiana alifungua bandeji, akachungulia.

"Pakavu. Hakuna usaha. Nani alifunga?"

"Mke wangu," alisema Machibya. Nesi alipochukua glovu mpya, akamzuia. "Mpe yeye."

Nyanzala akanyoosha mikono kuzipokea. Uchungu wa miezi yote ile ulimjia kwa pamoja. Alikaa akalia kwanza, kisha akaenda kunawa.